Barua ya Kuuza Mashine ya Katunge

Huku Gatuanyaga mwanamume akiitwa kwa jina la mkewe watu humcheka, lakini Mutie hakuwahi kukasirika. Alikuwa Mutie wa Katunge, na Katunge ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa yake mwenyewe, si ya nyumba. Aliinunua kwa pesa za ndengu na mbuzi, risiti ikaandikwa jina lake, na mumewe akitaka unga alikuja na debe lake akapanga foleni kama sisi wengine. Tulimtania sana kwa hiyo foleni.

Ilikuwa mashine ya dizeli. Katunge alifunga mkebe wa mafuta ya kupikia kwenye bomba la moshi, basi ikawa inalia tuku-tuku-tuku kwa sauti ya juu, ukiwa shambani unajua leo amewasha, unabeba mahindi unaenda. Baadaye mashine ya umeme ilifunguliwa kule sokoni, inasaga haraka na unga wake ni laini. Mimi niliendelea kwenda kwa Katunge, maana kule sokoni hakuna mtu wa kukuuliza goti linaendeleaje. Naitwa Wakonyo, mama Njau, na boma letu limepakana na lao. Haya ninayoeleza mengi niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona nimeyapata kwa Maluki wa bodaboda, mtu asiyejua kunyamaza.

Katunge alikufa asubuhi akingoja gari la kumpeleka hospitali Thika. Ilikuwa presha. Nilikuwepo, namfunga kitambaa kichwani. Alitoa kitambulisho chake kwenye kibeti akampa mumewe.

"Shika hii," akasema. "Usipoteze. Hospitali wataitaka."

Mutie akakitia kwenye mfuko wa shati. Gari lilipofika hatukuwa na haja nalo tena. Basi hayo ndiyo maneno ya mwisho mke aliyomwambia mumewe baada ya miaka yote hiyo. Hakumwachia baraka wala usia wa mtoto. Alimwambia tu asipoteze.

Mtu akifia nyumbani, kwetu huwa ni naibu wa chifu anayeandika kibali cha mazishi, na kitambulisho cha marehemu kinarudishwa kwa serikali. Naibu wa chifu wetu ni Madam Mbithe. Alipokiulizia, Mutie alisema hakionekani. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikatazama chini. Madam aliona mzee hajielewi na watu tayari wanachimba kaburi, akaandika kibali, akamwambia akipate kitambulisho akilete, ndipo cheti cha kifo kishughulikiwe.

Hakukileta. Baada ya mazishi alifunga mlango wa chumba cha mashine akarudi kwa mbuzi wake. Hakulia, na sisemi hivyo kwa kumlaumu. Alikuwa amekufa ganzi, hivyo tu. Ukimpikia anakula, usipompikia hali. Ukimsalimia "Habari, baba Dianah?" anakujibu "Nzuri," na inakuwa nzuri ile ile ya jana. Mvua ilinyesha akapanda. Mvua ikakatika mapema, mahindi yakakauka, akayang'oa akawapa mbuzi. Uso wake haukubadilika wakati wa kupanda wala wakati wa kung'oa. Kitu kimoja tu mwilini mwake kilikuwa na uhai, nacho ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Alikitia mfukoni mwa shati akasugua kile kitambulisho, juu chini, juu chini, huku akiongea na wewe, akichunga mbuzi, akiwa kanisani pasta anahubiri. Nilijua anasugua nini. Sikumwambia mtu.

Kisha wezi wa vyuma wakaingia.

Wezi wa vyuma si wezi wa kawaida, mimi nawachukia kuliko wa kuku. Mwizi wa kuku ana njaa, unaweza kumwelewa. Hawa wanang'oa geti la mjane wanaacha ukuta. Walichukua mita za maji, walichukua mfuniko wa choo cha shule, wakachukua hata ile rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule, mwalimu mkuu akawa anaita watoto kwa filimbi. Kwa mashine ya Katunge walianza na mawe ya mizani. Halafu puli, lile gurudumu la kuvuta mkanda. Halafu ule mdomo wa bati wa kumwagia mahindi. Kila mara Mutie anaamka, anatazama mlango uliovunjwa, anaurudishia kwa waya.

"Wamechukua," ananiambia kwenye ua.

"Wamechukua nini tena?"

"Puli."

"Na utafanya nini, baba Dianah?"

"Nitafanya nini?" Ananiuliza mimi. Halafu anaenda kufungua mbuzi.

Dianah ndiye aliyekasirika kwa niaba yake. Ni binti yao wa pekee, anaishi Ruiru nyumba ya kupanga, ana kibanda cha M-Pesa karibu na stesheni ya gari moshi. Alikuja Jumapili moja, akaona mashine ya mamake imeachwa kama ng'ombe aliyeliwa na fisi, akalia nje ili babake asimwone. Akasema iuzwe kabla haijaisha yote. Babake aiuze nzima nzima, kwa mtu anayejulikana, iondoke na heshima yake. Sote tulikubali. Hata Mutie alisema sawa, ingawa siku hizo alisema sawa kwa kila kitu.

Mtu anayejulikana alikuwa Gachau, mwenye yadi ya skrap kule Ruiru, nyuma ya reli. Nyinyi mnakumbuka serikali ilivyopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, watu wa mikokoteni wakakaa bure, kisha ikafunguliwa tena kwa masharti. Gachau ana leseni yake ukutani ndani ya fremu, juu kuliko picha ya harusi. Kabla ya hapo aliwahi kulala seli kwa sababu ya waya wa stima aliouziwa na mtu mwenye suti. Tangu hapo hanunui hata msumari bila kujua umetoka wapi. Akamwambia Dianah kwa simu: mwenye mali aje na kitambulisho, risiti kama ipo, na barua ya chifu kwamba mali ni yake. Bila hiyo hata kama ni mashine ya bishop, hatainunua.

Nakubali masharti hayo ni mazuri. Tangu yaanze, kengele mpya ya shule haijaguswa. Lakini nilikasirika pia, nisiseme uongo. Mwizi alibeba puli bila barua ya mtu yeyote, akaiuza kwenye uchochoro usio na leseni wala fremu. Mwenye puli ndiye aliyetakiwa kwenda kuthibitisha kwamba si mwizi.

Madam Mbithe alitupokea vizuri. Nilimsindikiza Mutie kwa sababu peke yake asingefika. Madam alisoma risiti, akaivua miwani.

"Baba Dianah, mimi najua hii mashine. Nimesagiwa pale. Nimekula kwa mazishi hapo kwako. Lakini risiti inasema Katunge, na siwezi kuandika ni yako kama kwa serikali Katunge bado ako hai. Ile cheti ya kifo ulichukua?"

"Bado."

"Ni kitambulisho ndio ilikuwa imebaki. Uliipata?"

Kidole gumba kilikuwa mfukoni. Kilisimama.

"Bado," akasema Mutie.

"Basi endelea kutafuta. Ukiniletea, wiki hiyo hiyo nitasukuma hiyo maneno, cheti itoke, na barua nitakuandikia siku hiyo. Hii kitu iko hapo tu, mzee."

Njiani nilimwambia ukweli. Nilimwambia, hiyo kadi ni plastiki. Katunge hayumo humo. Ukiitoa unaiokoa mashine, usipoitoa utabaki na kadi na wezi watabaki na mashine. Picha zake Dianah anazo nyingi kwa simu, hata ile ya harusi ya jirani yetu Mutua, amevaa kitenge cha zambarau, anacheka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Aliniambia nisipoteze," akasema.

Tukafika kwao, akaenda kufungua mbuzi.

Basi akabaki hapo, kadi mfukoni na mashine inaliwa. Walirudi wakachukua tangi la maji ya kupoza. Ndipo Mutie akafanya jambo ambalo lingefanywa tu na mtu ambaye hajawahi kuiba maishani. Aliamua kuvificha vile vyuma vinavyong'oleka, avipeleke kwa Dianah vikae chini ya kitanda mpaka mambo yatakapotulia. Alifungua handeli ya kuwashia, yale mawe mawili ya kusagia na vipande vingine, akavitia kwenye gunia, na juu yake akajaza maganda ya mahindi ili wezi wa njiani wasivione. Akamwita Maluki. Na kwa kuwa pikipiki ilikuwa imelemewa, wakakubaliana wasipite barabara kuu, wapite njia za ndani, Juja Farm hadi Murera, wakatokee Ruiru. Ukimwambia polisi akuchoree picha ya mwizi wa vyuma, ndivyo atakavyokuchorea.

Murera walikuwa wameibiwa mabomba ya mradi wa maji wiki ile. Vijana walikuwa wameweka gogo barabarani wakikagua mizigo, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshawachoma na hasira iko karibu. Walisimamisha pikipiki. Mmoja alitia mkono ndani ya maganda akagusa chuma.

"Mzee, umebeba nini?"

"Vyuma," akasema Mutie.

"Na maganda ni ya nini?"

"Wezi wasivione."

Maluki anasema walicheka kwanza. Halafu kicheko kikaisha, funguo ya pikipiki ikachomolewa, na watu wakaanza kutoka kwenye vibanda. Maluki alijaribu kueleza akapigwa kofi, akaambiwa yeye ni dereva wa mwizi tu, anyamaze, mzee ajiongelee.

"Hizi chuma ni za nani, buda?"

"Za mke wangu."

"Ako wapi? Mpigie simu, weka laudi spika, tumsikie."

Hapo Maluki hunishika mkono akifika, kwa sababu anasema watu walikuwa wameshaokota mawe na mzee hakutetemeka, hakuomba, hakurudi nyuma. Alisimama tu kama anayengoja zamu yake kwenye foleni ya mashine. Nikimsikia Maluki akisema hivyo nafikiri kama wangempiga angeona ni sawa.

Kilichofanya atoe kitambulisho sijui. Labda ni lile swali, ako wapi. Alikitoa mfukoni akampa yule kijana.

"Huyu hapa," akasema.

Kijana akakitazama. Akakigeuza nyuma, akakigeuza tena.

"Hii haina mtu."

"Mwangalie vizuri."

"Mzee, hapa hakuna sura. Ni nyeupe. Hata jina nusu imetoka. Hii umeiba kwa nani?"

Kadi ikapita mkono kwa mkono. Plastiki ilikuwa imefunguka upande mmoja, jasho likaingia, na mahali pa picha palikuwa peupe kabisa, laini, pamelika katikati mahali kidole hukaa. Mutie alikuwa akitazama kadi kila siku na kumwona mkewe. Hakuwa anadanganya. Alimwona.

Kadi ilimfikia mwanamke mmoja muuza sukuma wiki, jina lake hatukulipata. Aliitazama, akamtazama Mutie. Mkono wa mzee ulikuwa umerudi mfukoni na kidole kilikuwa kinaenda juu chini ingawa kadi alikuwa nayo mama huyo.

"Haiya," akasema yule mama. "Wekeni mawe chini. Nyinyi mnaona mwizi hapa? Huyu amefiwa."

Akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu chai kwenye matanga. "Mzee, mama alienda lini?"

Ndipo Mutie akalisema lile neno. Tangu siku ile hakuwa amelitamka hata mara moja, wala kwa Dianah, wala kwangu, wala kwa Mungu nikisikia.

"Alikufa," akasema. "Akingoja gari."

Hawakumpiga. Walimpeleka kwa chifu wa huko pamoja na gunia, chifu akampigia Madam Mbithe, Madam akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima kwamba huyo ni mtu wake, mashine ni ya marehemu mke wake, na yeyote atakayemgusa ataonana naye. Dianah alikuja mbio kutoka Ruiru na viatu viwili tofauti. Maluki alirudishiwa funguo. Kwa kofi hakurudishiwa kitu.

Kesho yake Mutie aliniita kwenye ua akiwa amevaa koti. Hakunieleza tunaenda wapi. Tulifika kwa Madam Mbithe kabla hajamaliza kufagia ofisi, akakiweka kitambulisho mezani.

"Nimekuja kukirudisha," akasema. "Aliniambia nisipoteze."

Madam Mbithe ni mtu mkali, anajulikana. Nilidhani atamkemea kwa kusema uongo mara mbili mbele ya serikali. Alikiokota, akakielekeza dirishani kwenye mwanga, akakaa nacho hivyo.

"Hukupoteza, baba Dianah," akasema.

Akakitia kwenye bahasha. Mutie aliuliza wao watakifanyia nini. Madam akasema huwa vinaharibiwa. Mutie akasema haya, akauliza kama kuna mahali pa kutia kidole. Alitia sahihi ya dole gumba. Wino ulishika vibaya kwa sababu ngozi ya pale ilikuwa imekuwa laini mno, ikabidi arudie.

Cheti kilitoka, barua ikaandikwa, na lori la Gachau likaja. Vijana wanne waliinyanyua mashine wakaiweka nyuma na gunia lake la handeli na mawe, nasi tukaketi mbele na dereva mpaka Ruiru. Kwenye yadi Gachau alisoma barua mstari kwa mstari akisogeza midomo, akaitia kwenye faili. Kisha akasema bado kitu kimoja. Yeye huwapiga picha wote wanaomuuzia, wakiwa kando ya mali yao, kitambulisho chao kifuani, ili siku polisi wakija asiulizwe maswali. Akamsimamisha Mutie karibu na mashine.

"Mzee, shika yako hapa kifuani. Hivyo. Angalia huku."

Mutie alishika kitambulisho chake mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

"Sasa toa huo mkono mwingine kwa mfuko, mzee wangu."

Aliutoa. Gachau akainua simu, akaishusha. "Mkono, mzee." Akautoa tena. Mara ya tatu Gachau akaacha, akapiga picha kama ilivyo.

Baadaye mfanyakazi mmoja aligonga bomba la moshi kwa nyundo na ule mkebe wa mafuta ukaanguka, ukabingirika kwenye mavumbi. Nililia hapo. Nililia kwa sauti mbele ya wanaume wasionijua, nikamlilia Katunge na goti langu ambalo hakuna wa kuliulizia. Mutie aliniangalia.

"Ni vumbi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, ni vumbi.

Dianah aliomba ile picha atumiwe, na alipokuja kututembelea alinionyesha. Mashine imetoka vizuri, mkebe bado uko juu. Kando yake ni babake, uso ule ule, kitambulisho chake kifuani na sura yake yote ipo. Kidole gumba cha kulia kimeingia kwenye mfuko wa shati, na kitambaa kimefura kidogo mahali kinaposugua. Shati hilo nililifua mimi mwenyewe siku iliyotangulia hiyo picha. Nilikuwa nimeupindua mfuko nje ndani, na haukuwa na kitu.